Papa Keza na Risasi za Kichwa Bapa

Mume wangu Théophile hamwamini mtu. Nasema hivi bila kumsengenya, kwa sababu yeye mwenyewe husema, tena kwa kujivuna, kama mwingine anavyojivunia kutokunywa pombe. Tumeishi hapa West End ya Alexandria, Virginia, tangu Keza wetu alipokuwa na miaka minne, na mpaka leo hajamwamini mwenye nyumba, fundi wa kiyoyozi, wala mweka hazina wa kanisa. Akinunua maziwa husoma tarehe, huyanusa, kisha huninusisha mimi. Msemo wake ni mmoja tu: kikulacho ki nguoni mwako. Nikimkuta amesimama mbele ya kabati langu huwa najiuliza anatafuta nini.

Simlaumu sana. Kule Uvira, Kongo, alikuwa na duka la vipuri vya baiskeli, watu wakimwita Papa Théo, na mlango wetu haukuwa na mgeni na mwenyeji. Kwetu mtu hafiki mlangoni kimya. Hupiga hodi akasubiri kuambiwa karibu, hata kama mlango uko wazi na anakuona umekaa unapepeta mchele. Wale waliokuja kutuvunjia walifika saa ya chakula, wakapiga teke mlango, na mmoja wao alikuwa jirani aliyewahi kula mezani petu. Hawakupiga hodi. Tangu siku hiyo Théophile ana sheria moja: mwenye nia njema hupiga hodi, na asiyepiga hodi ni adui. Sheria hiyo akaibeba kambi ya wakimbizi, akaipandisha ndege, akaileta Virginia, mahali ambapo hakuna anayepiga hodi isipokuwa sisi na watu wa kanisani.

Na ndani ya nyumba yake mwenyewe alikuwa na mvunja sheria. Keza sasa ni msichana mkubwa, anasoma chuo kule Annandale. Kiswahili anakielewa chote, hata kile tunachomteta nacho, ila hujibu kwa Kiingereza. Huingia na ufunguo wake, masikio ameyaziba kwa muziki, anapita sebuleni kama upepo, mlango wa chumba chake unafungwa.

"Keza, hodi yako iko wapi?" baba yake humwuliza.

"Papa, I have a key."

Kana kwamba ufunguo ndio salamu. Théophile hunitazama mimi, kana kwamba Kiingereza hicho nilimnywesha kwenye uji.

Kazi ya Théophile ni kuegesha magari ya wageni wa hoteli. Hutoka kabla ya jua na kurudi mchana, miguu imevimba. Majira ya kuchipua wanaume wawili walimnyang'anya gari la mgeni palepale kwenye lango la maegesho, wakamwonyesha bunduki, wakaondoka. Hoteli ikamhoji siku nzima kana kwamba yeye ndiye aliyewapa ufunguo. Wiki haikuisha, akaona mikwaruzo kwenye kitasa chetu.

Ilikuwa midogo, imezunguka tundu la ufunguo. Alivaa miwani yake ya kusomea, akawasha taa ya simu, akakagua kitasa kama daktari anavyokagua koo.

"Mama Keza, kuna muntu anajaribu mulango yetu."

"Labda ni ya zamani."

"Ya zamani wapi? Siku ya Pasaka haikukuwako."

Tangu hapo akitoka husimamisha kijiti cha meno juu ya mlango, ili akirudi ajue kama umefunguliwa. Kijiti kilikuwa chini kila siku, bila shaka, maana tunakaa watu watatu mle ndani na kila mmoja ana safari zake. Lakini yeye alikiokota kila mara akakitazama kwa uchungu. Nilicheka, mwanzoni. Kisha akarudi Jumamosi moja na bastola, nikaacha kucheka.

Ilikuwa ya mdomo mfupi, ya risasi tano, nyepesi kuliko Biblia yangu. Aliitaka nyepesi kwa sababu alikusudia kuibeba mfukoni kutwa. Hoteli ilipomwambia hapana, ikawa ya garini na ya nyumbani. Hofu yangu ilikuwa moja tu, na nilimwambia siku ileile.

"Papa Keza, hii nyumba iko na mutoto anaingia bila hodi."

"Basi apige hodi," akasema, akaendelea kufuta bastola na soksi.

Sasa ilibaki kuchagua risasi, na hapo ndipo Malik alipoingia katika maisha yetu. Malik ni Mmarekani mweusi anayefanya kazi mapokezi katika hoteli ileile. Aliwahi kuwa askari, na siku za mapumziko hufundisha watu kulenga shabaha huko Woodbridge. Kiswahili alijifunza chuoni, kwa sababu ya kupenda tu, na anakisema vizuri kuliko sisi, jambo ambalo kwa Théophile lilikuwa kosa la kwanza. La pili ni kwamba siku ya kwanza kukutana alimwinamia akasema, "Shikamoo, mzee."

Sisi watu wa Uvira hatuna shikamoo. Théophile alikuja nyumbani ameikunja sura.

"Ule muntu anasema Kiswahili ya kitabu. Nani alimufundisha? Na juu ya nini?"

"Anapenda lugha."

"Muntu hapendi lugha bure. Ule ni wa serikali."

Nikamuuliza serikali inamtafutia nini mwegesha magari. Akasema hilo ndilo swali.

Hata hivyo hakuwa na mwingine wa kumuuliza, basi tukaenda duka la silaha Woodbridge, yeye, mimi na Malik. Mimi nilijilazimisha. Siku hiyo nilimwomba mwenzangu anishikie zamu kwa wazee ninaowatunza, kwa sababu nilitaka kusikia kwa masikio yangu kile kitakachowekwa chini ya paa moja na mwanangu.

Muuzaji, mzee wa ndevu nyeupe, aliweka maboksi juu ya kioo na kulisogeza moja mbele ya mengine. Akasema hizo ndizo kali kupita zote, na kwamba mtu akipigwa na moja hahitaji ya pili. Uso wa Théophile ukafunguka. Malik akatikisa kichwa, akachukua boksi jingine, akatoa risasi moja akaiweka kwenye kiganja changu. Kichwa chake kilikuwa bapa, kimelingana na mdomo wa ganda, kana kwamba mtu alikikata kwa kisu.

"Mama Keza, mzee, naomba mnisikilize," akasema kwa kile Kiswahili chake kilichopigwa pasi. "Bastola hii ni nyepesi mno. Uzito ndio unaomeza teke la risasi, na hapa hakuna uzito. Ukitia zile kali, utapiga moja, mkono utauma, na ya pili utaipiga umefumba macho. Hizi za kichwa bapa ni laini. Utaweza kuzipiga zote tano na kuona unapopiga."

"Na zile kali ziko na mubaya gani ingine?" Théophile akauliza, kwa sauti ya mtu anayemtegea mwenzake.

"Zina jingine, ndiyo. Bastola nyepesi inaporuka nyuma kwa nguvu, maganda yaliyobaki ndani huruka nayo, lakini vichwa vya risasi hubaki nyuma kidogo. Vinachomoka katika maganda polepole. Kichwa kikitokeza mbele ya silinda, lile pipa la risasi linalozunguka, silinda haizunguki tena. Bastola inakuwa kipande cha chuma."

Mimi nilikuwa na swali langu. "Zinapita ukuta?"

Malik akanigeukia. "Kuta zetu ni za ubao wa jasi, mama. Hata hii laini inaweza kupita. Ile kali itapita na kuendelea na safari. Sijaona risasi ya maana isiyopita ukuta wa apatimenti. Kinga ni kujua nani yuko upande wa pili kabla hujafyatua."

Upande wa pili wa ukuta wa sebule yetu ni kitanda cha Keza. Nikasema tuchukue za kichwa bapa. Théophile akamwambia Malik amwonyeshe zilizomo katika bastola yake mwenyewe. Malik hakukasirika. Akafungua, akaonyesha: kichwa bapa, zote tano.

Tukatoka na boksi la zile kali.

Garini alinieleza hesabu yake. Kwa nini mtu akupe risasi iliyokatwa kichwa, kama si kutaka uwe dhaifu? Nikamwambia Malik amemwonyesha zake mwenyewe. "Voilà!" akasema. "Alijua nitauliza. Alijitayarisha." Mtu wa namna hii ukimletea ushahidi unamwongezea tu mashaka. Nikatazama magari ya barabara kuu ya I-95, yaliyokuwa yamesimama kama kawaida yake.

Siku ya kujaribu tulikwenda uwanja wa shabaha, Malik akiwa nasi bado, kwa subira ambayo mimi ningekuwa nimeshaimaliza. Théophile alipiga risasi ya kwanza, bastola ikamruka mkononi kama chura. Ya pili akaipiga na uso uliogeuka pembeni. Ya tatu ikatoboa karatasi ya shabaha ya mtu wa pembeni. Akasema inatosha, amekwisha kuielewa. Alikuwa ameficha mkono wa kulia kwapani, na nikajua unamuuma, kwa sababu hata kuaga aliaga kwa kushoto.

"Mzee," Malik akamwambia alipomwona anazitoa zile mbili zilizobaki, "hizo mbili usizirudishe ndani. Zimekwisha kuvutwa na teke. Zitupe pale kwenye ndoo."

Théophile akazitia mfukoni.

Tulipofika garini alizitoa. Akazirudisha ndani kwanza zile mbili, kisha akaongeza tatu mpya kutoka boksini. Hakuwa amevaa miwani. Mimi ndiye niliyemshikia zile mbili kiganjani kabla hajazitia, na moja ilikuwa na shingo ndefu kidogo kuliko mwenzake. Nikamwambia.

"Ni mwanga," akasema. "Ule muntu anataka nitupe masasi yangu bure. Sasa jiulize, juu ya nini?"

Nilisema mara moja, sikurudia. Ukimrudia Théophile jambo, anaanza kujiuliza nani amekutuma.

Basi ikakaa nyumbani. Mchana, akirudi kutoka kazini, alijilaza kwenye sofa inayotazama mlango, bastola chini ya mto. Mikwaruzo kwenye kitasa iliongezeka. Alimshuku fundi wa kiyoyozi, kisha kijana anayeleta vifurushi, kisha familia mpya ya ghorofa ya juu, ambao ni Warundi wa kanisa letu wenyewe. Nilimwambia Keza, kwa ukali, "Ukifika mlangoni piga hodi. Piga kelele. Imba." Akanibusu shavuni akasema, "Okay, Mama," kwa ile sauti ambayo maana yake ni kwamba ameshasahau.

Ilikuwa Alhamisi, saa za mchana. Nilikuwa jikoni nasaga sombe, majani ya muhogo, kwenye blenda, mashine inapiga kelele kama trekta. Théophile alikuwa amesinzia sofani na sare yake ya hoteli. Keza hakutarajiwa mpaka jioni, lakini mwalimu wake alikuwa mgonjwa, darasa likavunjwa, naye akapanda basi akarudi. Hayo niliyajua baadaye. Wakati ule nilizima blenda ili niongeze majani, na katika ule ukimya nikasikia kitasa kinatikiswa.

Hakikutikiswa kama mtu anayefungua. Kilitikiswa, kikaachwa, kikatikiswa tena, chuma kikikwaruza chuma.

Niligeuka. Théophile alikuwa ameshakaa, macho mekundu, bastola mkononi imeelekea mlangoni. Hakuuliza nani. Kwake kumuuliza mwizi ni kumpa taarifa. Alisubiri hodi, na hodi haikuja.

Mlango ukafunguka, mwanangu akaingia kwa mgongo kwanza, akivuta ufunguo uliokwama, nyaya za muziki masikioni, mfuko wa mkate begani.

Théophile akafyatua.

Nilikiona kidole chake kikivuta. Bastola haikulia. Haikufanya hata tik. Kidole kilifika katikati ya njia kikakwama, silinda imegoma. Keza akageuka. Akaona. Na kidole cha baba yake kikavuta mara ya pili, kwa nguvu, na mara ya pili pia silinda ikagoma.

Keza alitoa nyaya masikioni taratibu sana. Mkate ulikuwa umeanguka. Binti ambaye hajamjibu baba yake kwa Kiswahili tangu darasa la pili, alisimama mbele ya mdomo wa bastola akasema, kwa sauti ya mtoto mdogo:

"Hodi, papa. Hodi. Ni mimi."

Théophile hakuweza kusema karibu. Nilimfikia nikaipiga ile mikono yake chini, na kama ningekuwa na mwiko ningempiga nao kichwani, Mungu anisamehe, au asinisamehe. Nilimkumbatia Keza, nikasikia moyo wake ukigonga kifuani mwangu. Ufunguo ulikuwa bado mlangoni. Ulikuwa ule aliochongesha duka la vifaa baada ya kupoteza wa kwanza, nao haukukaa sawa hata siku moja. Ilimbidi autikise na kuukwaruza ndipo ufungue, na jioni, kwa kelele za nyumba, hatukuwahi kumsikia. Mwizi wetu wa kitasa alikuwa yeye. Hakutuambia amepoteza ufunguo, maana alijua baba yake angebadilisha vitasa vyote na kumhoji mpaka Krismasi.

Nilimpigia simu Malik. Alikuja na suti yake ya mapokezi, hajatoa hata kibao cha jina. Aliichukua bastola kwa vidole, akaelekeza mdomo wake mahali salama, akagongagonga silinda na kipini cha mwiko wangu mpaka ikafunguka. Akatoa risasi moja akaisimamisha mezani. Ilikuwa ile yenye shingo ndefu. Kichwa kilikuwa kimetokeza, mtoto angeona.

Nilimsubiri Malik aseme, "Nilikuambia." Yeye alikaa kwenye kiti akapangusa uso.

Théophile ndiye aliyezungumza. Alikuwa ameketi sakafuni, mgongo kwenye sofa. "Malik," akasema, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akilitaja jina hilo, "kama ningeweka zako? Zile za kichwa kilikatwa?"

Malik alitazama zulia. Nadhani alitafuta uongo, lakini vitabu vyake vya Kiswahili havikumfundisha.

"Zangu zingelia, mzee," akasema. "Zote tano."

Niliogopa kwamba mume wangu atainua kichwa aseme, unaona, sikukosea kutomwamini; maana hata hilo linawezekana kwa mtu wa namna yake. Hakusema. Alilia. Nimeishi na Théophile kambini na nimemzika mama yake pamoja naye, sijawahi kumwona akilia vile, kwa kamasi na mabega. Malik alipoondoka aliondoka na bastola na boksi lote, na Théophile hakumuuliza anazipeleka wapi.

Kanisani walisema malaika alishika silinda. Mchungaji alitaka tutoe ushuhuda. Mimi nilikataa. Huyo malaika nilimshika kiganjani ndani ya gari, nikamtambua, nikasema mara moja tu, na mtoto wangu akapona kwa sababu baba yake ni mkaidi na mama yake alichoka kubishana. Mshukuruni Mungu, nami namshukuru kila asubuhi, lakini msiniombe nisimame madhabahuni nipige vigelegele.

Tena kuna jambo ambalo siwezi kulisema kanisani. Ile mara ya kwanza alifyatua akitoka usingizini, hilo nimelikubali. Ile ya pili, Keza alikuwa amekwisha kugeuka, na dirisha lilikuwa likimulika uso wake. Sijui kama baba yake alikuwa amemtambua. Labda mkono ulikuwa umeshaanza, na mkono ukianza hausikii. Sijamuuliza, naye hajaniambia. Miaka yote nilimcheka yeye anayelala na mashaka. Sasa nalala nayo mimi, na yeye ndiye aliye upande wa pili wa kitanda.

Tulibadilisha kitasa. Keza ana ufunguo mpya unaoingia kama siagi, na yeye huingia apendavyo, muziki masikioni, bila hodi, na hakuna anayemwambia neno. Aliyebadilika ni baba yake. Mchana akirudi kutoka kazini, ufunguo wake mfukoni, hafungui. Husimama nje kwenye ujia, kofia ya hoteli mkononi, majirani wakipita wakimtazama, akasema, si kwa sauti kubwa:

"Hodi."

Kisha husubiri. Mara ya kwanza niliitikia mimi, naye akabaki palepale nje, hakuingia. Nikaelewa si mimi anayemsubiri. Tangu siku hiyo nikiisikia hodi yake huendelea na kazi zangu za jikoni, na Keza akiwa chumbani kwake huwa anasikia vizuri tu, kwa sababu ukuta ule ni mwembamba.

"Karibu, papa," husema.

Siku nyingine huchukua muda mrefu kabla hajalisema neno hilo, na baba yake husimama nje mpaka alisikie.